Mabamba Yaliyonyamaza

Fundi wangu, Mzee Kabwe,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo halafu nikasubiri, mjinga mimi, kama vile utaniitikia, "Marahaba, umekula?" Miaka kumi na moja ulinijibu hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nikakudanganya kwamba nimekula, nawe ukanisukumia nusu ya chapati yako ukisema sisi Waha tunajua kulima muhogo, kudanganya hatujui. Leo sijala, Fundi. Barua hii nimeianza kwa kusema kweli na nataka niimalize hivyohivyo, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Nakuandikia kwa sababu kaburini kwako sikufika. Wanaume walibeba jeneza wakaenda nalo Ujiji, sisi wanawake tukabaki uani kwako Buzebazeba na mkeo, Mama Yusufu. Nililia mpaka dada yako mkubwa akanishika bega: "Nyamaza mwanangu, marehemu anataka dua." Nikatamani kumwambia, bibi, hujui ndugu yako alinifundisha nini juu ya kunyamaza. Niliuma upindo wa khanga nikaendelea kulia kwa ndani.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza karakanani? Nimetoka Kidahwe na cheti changu cha chuo, najiona fundi kamili, na cheche ya kuchomelea ikaingia ndani ya glovu ikanichoma kifundo cha mkono. Nikaangua kilio. Wenzangu wakacheka, mmoja akasema ndiyo maana wasichana wanafaa kushona. Wewe hukucheka wala hukunipa pole. Ulisema tu, "Muacheni alie. Kinacholia ni kizima." Nikafikiri unanifariji, nikakupenda palepale. Kumbe ulikuwa unazungumzia chuma! Mchana ule ulinichukua chini ya boti ya mafuta iliyopandishwa nchi kavu kwenye chelezo, ukatoa ile nyundo yako ndogo yenye mpini wa mpera, ukagonga bamba la tumbo lake. Likalia, sauti nyembamba ikaenda mbali. "Hili linalia," ukasema, "zima." Ukasogea hatua mbili, ukagonga tena, ikasikika du, kama mtu amegonga gunia la unga. "Hili limenyamaza. Limekwisha." Mimi naliangalia, rangi inang'aa, safi kabisa. Ukaniambia kutu haili kwa nje, inakula kwa ndani na rangi inaiacha.

Hicho ndicho kilichokuwa Kiswahili cha karakana yetu. Linalia maana yake zima, limenyamaza maana yake bovu. Nilikisema miaka yote hiyo mpaka nikasahau kwamba watu wengine wana Kiswahili chao. Hapo ndipo nilipokosea, Fundi, na wewe hujui, kwa sababu uliondoka kabla hatujajua wote.

Nirudi kwenye ile boti ya doria. Karakana yetu iliposhinda zabuni ya kuitengeneza ulifurahi mpaka ukavaa kofia mpya, ingawa kikohozi kilikuwa kimeshaanza kukukunja. Ulisema unataka kuiona inarudi majini kwa sababu Yusufu, kitindamimba wako, ndiye mtu wa mitambo ndani yake. Na si Yusufu tu. Wavuvi wa Kibirizi wanajua boti ile ikilala, majambazi wa ziwani wanaamka, wanapora injini na nyavu na kuwaacha watu wanaelea kama magogo. Kabla mkataba haujasainiwa serikali ilitaka orodha ya matengenezo, bamba kwa bamba, iandikwe na fundi anayeaminika. Ni nani mwingine?

Tuliingia tumboni mwa boti wewe na mimi, mimi na tochi na daftari, wewe na nyundo na chaki. Sikio lako la kushoto lilishakufa siku nyingi kwa kelele za vyuma, kwa hiyo ulikuwa unalala ubavu na kulielekeza la kulia kwenye bamba. Ulipiga kila mahali, ukaweka namba za chaki sehemu tisa tu zilizokutia shaka. Kisha ukazirudia moja moja, unagonga, unakohoa, unasikiliza, unaniambia. Moja linalia. Mbili linalia. Tatu linalia. Nne limenyamaza. Tano na sita yanalia, saba limenyamaza, nane linalia, tisa, lile la chini ya injini, limenyamaza. Nikaandika neno kwa neno kama ulivyosema, kwa sababu nilijivunia maneno yako. Ukaweka chini ile sahihi yako iliyojikunja kama ndoana. Hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho duniani, na ilikuwa sahihi yote.

Siku tatu baadaye ukalazwa. Bosi akapeleka daftari kwa karani wake kule ofisini Mwanga, aijaze fomu ya serikali. Fomu ile ina safu mbili, Zima na Bovu. Karani ni binti mzuri, mpole, lakini chuma atakijulia wapi? Kwake yeye geti likilia linataka mafuta, injini ikilia inataka fundi, kitu kikinyamaza ndiyo kiko salama. Hata hivyo hakukurupuka, alinipigia simu. Nakumbuka maneno yake mpaka leo: "Dada Kadia, haya yanayolia ndiyo yenye shida, eti?" Na mimi niko wodini, wamekuwekea oksijeni, unanitazama kama unataka kuniambia kitu na kile kibarakoa kinakuzuia. Nikamjibu, "Ndiyo, ndiyo, andika kama yalivyo." Nikakata simu nikakushika mkono.

Yebabawe! Ndiyo ile moja, Fundi. Ndiyo yangu mimi. Yale sita yanayolia yakaenda kwenye Bovu, yale matatu yaliyonyamaza yakaenda kwenye Zima. Bosi akasaini, serikali ikasaini, na wewe ukafariki Ijumaa ile.

Niliporudi kazini baada ya matanga nilikuta boti imeshapandishwa kwenye chelezo na orodha imebandikwa ukutani, juu ya ndoana yako ya kutundikia koti. "Kata na badilisha bamba namba 1, 2, 3, 5, 6, 8." Kwanza nilicheka, nikadhani mtu anatania. Kisha nikakaa juu ya mtungi wa gesi.

Nilikwenda kwa Bosi siku ileile. Akasoma daftari, akasoma orodha, akavua miwani. Sitamsingizia, si mtu mbaya. Aliniambia mkataba ukishasainiwa haubadiliki kwa mdomo, unataka kibali kutoka juu, na kibali kinataka sababu, na sababu yetu ni kwamba tumeipa serikali orodha iliyopinduka. Tutafungiwa, akasema, hatutagusa tena zabuni. Tupo kumi na wawili pale. "Fanya kilichoandikwa kwanza, Kadia, mengine nitafikiria." Nami nikavaa miwani ya kukatia nikaingia tumboni mwa boti na kukata namba mbili. Chuma kizima unakijua kinapokatwa, kinabisha. Kipande kilipoanguka kwenye sakafu kililia kikaijaza karakana yote, na kila mtu mle ndani aliyefundishwa na wewe aliinua kichwa. Tulikitupa kwenye chuma chakavu.

Saa nne Yusufu alikuwa anakuja na chupa ya chai kama ulivyozoea kumtuma alipokuwa mdogo. Ana macho yako yale ya kukagua. "Dada Kadia, mmefika wapi? Wavuvi wananimaliza na maswali." Anasimama palepale pembeni ya injini, juu ya ukingo wa namba tisa, kiatu chake juu ya bamba ambalo ningeweza kulitoboa kwa bisibisi, anatia sukari kwenye chai. Sikuweza kumtazama usoni. Jioni moja nilimrudia Bosi nikamwambia siwezi, namba tisa litafunguka katikati ya ziwa na Yusufu yuko juu yake.

Bosi akapata njia. Akaandika barua ya kuomba mabadiliko ya mkataba, nzuri, ya kiofisi. Naikumbuka sentensi yake moja: "Ukaguzi wa awali ulifanywa na fundi ambaye, kwa umri na maradhi, uwezo wake wa kusikia ulikuwa umepungua." Niliisoma mara tatu. Akaniambia taratibu, "Kadia, marehemu hafungiwi zabuni. Sisi tutafungiwa." Akanionyesha mahali pa kusaini, kama shahidi aliyekuwepo siku ya ukaguzi.

Nikasaini, Fundi. Nilijiambia ungekubali wewe mwenyewe, kwa ajili ya mwanao. Na huenda ungekubali, hicho ndicho kinachonitesa mpaka sasa. Nakusikia kabisa ukisema, "Saini binti, jina langu litanisaidia nini huku?" Lakini hukuulizwa. Na uongo ule ulikaa vizuri sana, kwa sababu mji mzima unajua habari ya sikio lako la kushoto. Kibali kikatoka haraka, na huruma juu.

Mji huu haufichi kitu. Siku ya arobaini yako nilifika Buzebazeba mapema nikasaidia kupika pilau. Wanaume wamekaa chini ya turubai wanasubiri kisomo, mimi napita na sinia la vikombe, nikamsikia mmoja akisema, "Mzee alishakwisha masikio, nao wakamwachia boti ya serikali." Mwingine akaguna, "Uzee huo." Hawakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Walikusikitikia! Wewe, uliyekuwa ukisikia bamba bovu huku mashine ya kukatia inanguruma pembeni, ukasikitikiwa kama kikongwe aliyejikojolea.

Baada ya hitma Mama Yusufu akaniita chumbani. Alikuwa na nyundo yako, ameifunga ndani ya khanga. Akasema uliusia nipewe mimi. Lakini kabla hajanikabidhi akaniuliza, polepole, ananitazama, "Kadia, siku ile ulikuwa naye wewe. Kweli mzee wangu alikuwa hasikii?"

Nikanyamaza.

Sina namna nyingine ya kuliandika. Nilitazama mkeka. Nilikuwa na jibu mdomoni, neno moja tu, na kulikuwa na barua yenye sahihi yangu, na watu kumi na wawili, na Yusufu nje anaosha masufuria. Mama Yusufu akangoja, kisha akasema, "Basi. Chukua, ndivyo alivyotaka." Nilirudi nyumbani kwa bodaboda na nyundo yako mapajani, na njia nzima nilikuwa nasikia ile du.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Injinia. Humjui, aliletwa na serikali kukagua kazi baada ya wewe kuondoka, kijana mwembamba anayelilalamikia joto letu kama tumeliwasha sisi. Nikaweka daftari mezani nikamweleza Kiswahili cha karakana yetu, nikamweleza ile simu ya wodini. Akaniuliza, "Kwa hiyo barua ya mabadiliko ina uongo?" Nikasema ndiyo. "Na aliyekosea si mzee, ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akafunga faili. Akasema kibali kilichopatikana kwa uongo hakitumiki, kazi ya yale mabamba matatu isimame.

Hilo sikulitarajia, Fundi! Nilikwenda kulisafisha jina lako, kumbe nimelirudisha bamba bovu chini ya miguu ya mwanao. Niliacha adabu. Nilimwambia asimamishe anachotaka ila kwanza aje asikie. Akanijibu yeye anapima, hasikilizi. Nikamwambia vyote viwili havimzuii kutembea. Sijui ni uso wangu au ni nini, akainuka. Tuliingia tumboni mwa boti, nikagonga bamba jipya, likalia. Nikagonga namba tisa. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akaomba nyundo akagonga mwenyewe, mara nyingi, na kila mara anainamisha kichwa zaidi, mpaka mwisho akawa amelala ubavu kama wewe, na shati lake jeupe.

Kipimo cha unene kikaletwa kutoka mbali, kile kinachosoma namba. Namba nne, saba na tisa, mabovu. Na vile vipande sita tulivyokata, akavipima hukohuko kwenye chuma chakavu, vizima vyote. Mashine ilisema yaleyale uliyoyasema wewe unakohoa. Akaandika kwenye ripoti yake kwamba ukaguzi wa kwanza ulikuwa sahihi kila mahali na kosa lilitokea wakati wa kuandika. Kibali kikaombwa upya, safari hii kwa sababu ya kweli, kikatoka. Nilimwomba nakala ya ukurasa ule.

Nakala ile niliipeleka Buzebazeba pamoja na nyundo yako, kwa sababu niliona sistahili kukaa nayo. Mama Yusufu alisoma akiwa amesimama mlangoni, alisoma yote mpaka muhuri. Kisha akachukua nyundo akaingia ndani na kufunga mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningepata nafuu. Toka siku hiyo hajanisemesha, na simlaumu. Kukosea kila mtu anakosea, ila yeye aliniuliza uso kwa uso.

Unataka kujua habari za karakana. Mabamba yale matatu walipewa mafundi wengine, sisi tuliondolewa. Bosi amepewa barua ajieleze kwa nini asifungiwe, bado hajajibiwa. Wenzangu wamekaa nyumbani, na mmoja, unamjua, yule uliyekuwa unamwita Mdomo, aliniambia, "Umeoga kwa maji yetu, Kadia." Alimaanisha nimejisafisha kwa riziki yao. Mimi niko Kidahwe kwa mama, nachomelea mageti na kurekebisha majembe kando ya barabara ya Kasulu. Wateja wananiita "fundi" na kila wakiniita nageuka kukutafuta wewe. Kama nilifanya vizuri sijui. Sina amani, hilo ndilo ninaloweza kukuambia bila kudanganya. Kama ningejibu simu ile vizuri kwa nusu dakika, haya yote yasingekuwepo. Lakini ningeuachia mkono wako kwa hiyo nusu dakika. Nikifika hapo kwenye mawazo yangu, Fundi, huwa nakwama.

Sasa sikia la jana. Nilikuwa nimepandisha barakoa, geti liko nusu, simu ikaita. Yusufu. Hajanipigia tangu arobaini. Hakunisalimu, alisema tu, "Sikiliza." Nikasikia nyundo yako. Fundi, ningeitambua popote. "Nne," akasema, akagonga, na bamba jipya likalia mpaka kwenye simu yangu. "Saba." Likalia. Nikakaa chini kwenye mavumbi. "Tisa," akasema, na mtandao ukakata. Mtandao wa Kidahwe huu, Mungu auone! Nilipiga nikapiga, hapatikani. Leo asubuhi ukaingia ujumbe wake: "Tisa sielewi. Halilii kama mengine. Mafundi wanasema ni kwa sababu ya kitako cha injini. Boti inashuka Alhamisi. Njoo usikie wewe. Nyundo kanipa mama, kasema nikupigie."

Kasema nikupigie. Nimeyasoma maneno hayo mawili mpaka chaji ya simu imeisha.

Kesho alfajiri napanda gari la kwanza kuja mjini. Huenda walinzi wakanizuia getini, mimi si mtu wa kazi ile tena, lakini Yusufu atakuwepo. Nitaingia tumboni mwa boti nilale ubavu, nielekeze sikio la kulia kama wewe, ingawa yangu yote mawili mazima. Kama ni kitako cha injini kinachozuia sauti, nitajua, ulinifundisha kugonga pembeni yake. Likilia, nitasema ni zima, kwa Kiswahili cha kila mtu. Likinyamaza, nitasema ni bovu, mbele ya Injinia na wale mafundi na wavuvi waliochoka kungoja, hata kama boti itabaki juu na wote wanitukane. Na nikitoka hapo nitakwenda Buzebazeba nibishe mlango wa mkeo, nimjibu lile swali lake kwa mdomo wangu. Karatasi haikuulizwa, niliulizwa mimi. Nakuahidi hilo, na wewe unajua sasa hivi sidanganyi, sijala tangu asubuhi.

Lala salama, Fundi wangu. Mungu akuweke mahali pasipo na kutu. Dada yako aliniambia ninyamaze, na siku moja nilinyamaza kweli, nikaona nilivyooza kwa ndani na rangi inang'aa. Sitarudia. Ukiulizwa huko uliko habari za mwanafunzi wako, waambie bado nalia.

Kadia wako